Turubai la Blasio

Mlango uligongwa kwa mara ya tatu, na Blasio akapiga kelele kutoka ndani kwamba wanataka kumuua.

Aliyegonga alikuwa mkewe, Loyi. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Nyayo zake zilisikika zikienda mbio barabarani, na Blasio akasonya. Siku mbili nzima alikuwa amejifungia katika ukumbi wake wa gemu pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, wateja amewafukuza, simu ameizima, akila chapati baridi juu ya benchi lilelile alilolalia. Alitaka kumaliza gemu la vita, mwanzo hadi mwisho, bila kufa hata mara moja. Na huyo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye mvi.

Saa nne asubuhi akamaliza. Askari wake kwenye televisheni akavikwa deraya ya dhahabu, zawadi ambayo gemu humpa yule tu asiyekufa. Hakuwepo mtu wa kumpigia makofi, kwa hiyo akajipigia mwenyewe.

Alipofungua mlango aliwakuta wanachama wa chama cha kuzikana wamejaa barazani. Hilo halikumshangaza, maana mkutano wa Jumamosi hiyo alikuwa ameuitisha yeye. Kilichomfurahisha ni kwamba walikuja na turubai jipya la chama, limekunjwa vizuri na kufungwa nyuma ya pikipiki. Ndilo alilokuwa akilitamani, alitundike mbele ya ukumbi wateja wapate kivuli. Kumbe wameshakubali, akawaza, hata kabla sijafungua mdomo. Aliona pia majembe, kuni na sufuria kubwa ukutani. Bila shaka watu wa Kavira walikuwa wamekufa tena.

Kavira na mumewe Xavier walikimbia mauaji ya Beni, upande wa Kongo, mwaka 2014. Katika miaka miwili nyumba yao ilizika watatu, na kila mara chama kiliwapelekea maharage, kuni na watu wa kuchimba. Jambo hilo lilimkwama Blasio kooni kama mwiba wa samaki. Leo alitaka mambo mawili: turubai lije kwake, na jina la Kavira lifutwe chamani. Hao wakimbizi wakifiwa tena, wajichimbie wenyewe.

"Kaa kwanza, Blasio," akasema Teopista, mwenyekiti wao.

Hakukaa. Mtu aliyetoka kuvikwa dhahabu hakai hovyo. Akawaeleza kwamba gemu hutengenezwa na watu wenye akili. Ukifa, unaambiwa jaribu tena, basi. Usipokufa, unapewa deraya. Lakini chama chao kinakwenda kinyumenyume: anayekufa ndiye anayechimbiwa, anayepikiwa, anayetundikiwa turubai, asiyekufa anabeba kuni za wenzake mpaka shingo inazama mabegani. Yeye amebeba miaka kumi na minne. Nyumba yake haijafiwa hata siku moja. Mama yake ana miaka themanini na tatu, na bado analima mihogo yake kule Nyakiyumbu bila kumsumbua mtu.

Watu wa chama hiki hubishana hata juu ya chumvi ya maharage, lakini leo walitazama miguu yao. Blasio akajua kwamba amewashinda.

Kavira akaleta kigoda, akakiweka nyuma yake. Blasio akakisukuma kando kwa mguu.

"Bwana yako iko wapi?" akamuuliza. "Iliogopa kuja kusikia?"

"Iko ku kazi, papa Blasio," Kavira akajibu kwa sauti ya chini.

"Kazi. Sisi inazika watu yake, yeye iko kazi." Akawageukia wengine. "Watu ingine inakufa kama kuku ya kideri, halafu inakuja kula maharage yetu. Hiyo hapana bahati mbaya. Hiyo ni uzembe."

Mwanamke mmoja nyuma alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Blasio akaona maneno yake yameingia. Akapaza sauti zaidi. Alisema mengine mengi, yote ya namna hiyohiyo, na hayana haja ya kurudiwa.

"Blasio," akasema Teopista tena, "kaa kwanza."

Akasema hakai mpaka ajibiwe habari ya turubai.

Teopista akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Turubai ni yako," akasema. "Hakuna mutu inakataa."

"Na hiyo ya Kavira?"

"Hiyo utasema wewe mwenyewe, ukishakaa."

Blasio akacheka. Akakivuta kigoda cha Kavira kwa mguu uleule aliokisukumia, akakaa akiwa ametanua mapaja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kijana wa pikipiki alikuwa tayari anafungua kamba za turubai, na Blasio akamwonyesha kwa kidole mahali pa kulitundika. Kijana yule akamtazama mwenyekiti, akaziacha kamba.

Teopista akachuchumaa mbele ya kigoda, akamshika Blasio mikono yote miwili.

"Xavier iko Nyakiyumbu tangu asubuhi," akasema. "Inachimba kaburi ya mama yako."