Tuta la Mpakani

Justa alimimina vifuniko vitatu vya dawa ya wadudu pale kibandiko kiliposema kimoja, akakoroga kwa kijiti, akajaza bomba la kupulizia alilokwenda kuliazima mbali, Maili Moja, ili hapa Msimbu asijulikane. Miaka minne hajagusa dawa ya dukani. Shamba lake lilikuwa la samadi na maji ya mwarobaini, na akina mama wa maofisini huko Kibaha, wateja wake, aliwaapia hivyo hivyo.

Lakini kuibiwa kumemchosha jamani!

Kila baada ya siku mbili tatu mtu alichuma mchicha kwenye tuta la mpakani. Si mwingi, wa kutosha sufuria moja, na aliuchuma taratibu bila kung'oa mizizi. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mchicha wa Mzee Mwishehe, mnene, unang'aa, unapigwa dawa kila wiki hata nzi hatui. Mkewe, Mwanaamina, hakuonekana hata siku moja akichuma humo.

"Mboga anazo tele, bado anakuja kuniibia mimi!" Justa alifoka peke yake. "Roho mbaya tu!"

Shikamoo alishaacha kumpa mzee tangu Machi. Wakikutana njiani ilikuwa ni matusi.

"Unawalisha watu sumu wewe!"

"Na wewe unawalisha mavi ya ng'ombe."

"Bora mavi! Wewe hata pua imekufa, husikii harufu ya kitu chochote!"

Hilo lilikuwa kweli. Miaka ishirini ya bomba mgongoni ilikuwa imeimaliza pua ya mzee.

Basi jioni ile Justa akalipuliza tuta lote, jani kwa jani, bila huruma. Ale, atapike, kijiji kizima kimjue. Tuta lile yeye asingeliuza.

Kulipokucha aliwahi Kibaha kupeleka mzigo. Aliporudi mchana alimkuta Maulidi, mwenyekiti wa kitongoji, amekaa kwenye kibaraza chake.

"Dada Justa, mmetuchosha na ugomvi wenu. Mzee amekubali yaishe. Twende, mnakula sahani moja kwake, mbele yangu."

Justa alitaka kukataa. Lakini mwenyekiti hakataliwi, na njaa ilikuwa inamuuma, maana alitoka bila hata chai.

Mwanaamina aliandaa ugali na mchicha wa nazi, tui zito la kukuna mwenyewe. Justa akakunja mikono.

"Sili sumu yako, mzee."

Uso wa Mzee Mwishehe ukabadilika. Akameza hasira. "Wallahi, mboga hiyo haijaguswa na tone la dawa yangu. Kula, mwanangu."

Maulidi akamkazia Justa macho. Justa akamega tonge dogo, akachovya. Akamega la pili, kubwa. Aa, mchicha mtamu kweli kweli! Mwanaamina akaongeza bakuli, nalo likaisha, na Justa ndiye aliyelifuta kwa tonge la mwisho. Akalamba vidole, akaona aibu kidogo kwa maneno yake yote.

"Kumbe unaweza kulima bila dawa, mzee," alisema. "Mchicha huu umeuficha wapi?"

Mzee Mwishehe akainamisha kichwa.

"Hapo ndipo ninapokuomba radhi mbele ya mwenyekiti, mwanangu. Zangu mimi ni za kuuza, sisi wenyewe hatuzili. Mboga ya humu ndani mke wangu huchuma kwako, tuta la mpakani. Na huu kauchuma leo alfajiri."