Kikuku cha Mlimani

Siku hizi mwendesha baiskeli huvaa kikuku kinachopeleka uchovu wake kwa mtu aliyekubali kuubeba, wala hakuna anayeambiwa jina la mwenzake. Kiangazi kimoja Zaituni na kikundi chake cha waendesha baiskeli walipanda milima ya Lushoto wakiimba, wakavipita vijiji vyenye bustani za maua, bila hata tone la jasho.

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe amelala sakafuni, anahema.

“Umefanya kazi gani, Baba Rehani?”

“Kazi gani? Nimeshinda nimekaa.”

“Ulikubali kubebeshwa uchovu?”

“Na nani? Sijamkubalia mtu.”

Zaituni alichanganyikiwa. Alikivua kikuku, akakiweka mezani, akaenda kumchotea maji. Kila alipopiga hatua, ingawa kikuku kilikuwa mezani, mumewe aliguna.