Bata Mdogo Kwenye Sakafu Tupu

Kuku aliangua yai la bata, akapata kifaranga dhaifu aliyekawia kukua. Kila kifaranga alipojaribu kusimama bandani, miguu yake ilitawanyika, akaanguka.

"Simama, wewe!" Kuku alifoka kutoka kiotani, juu ya lundo la maranda ya mbao. "Nakulisha, nakunywesha, na bado unaanguka tu!"

"Mama, sakafu inateleza."

"Visingizio! Hebu tazama wenye miguu wanavyosimama."

Akarukia sakafuni. Miguu ikaenda huku na huku, mdomo ukagonga saruji.

"Pole, mama," akasema bata. "Ukizoea, huumii sana."

Ndipo Kuku alipokumbuka kwamba maranda yote ya sakafuni aliyachakura yeye, ajitengenezee kiota. Akaanza kuyarudisha, huku akifoka: "Na wewe, siku zote hizi, ulishindwa nini kuniambia?"