Chai Chini ya Kawa

"Mashine yenu imekosea," alisema Mwanamvua. "Mume wangu hagusi kitu kitamu."

Nesi Zuhura alikitazama tena kipimo cha mzee Kibwana. Sukari ya kidoleni ilikuwa nzuri, maana mzee alitoka Saadani bila kutia kitu mdomoni. Lakini kipimo kikubwa husema habari za miezi mitatu yote, na hicho hakidanganyiki kwa kushinda njaa asubuhi moja. Mara iliyopita kilisoma saba. Leo kumi na mbili.

"Kuna kitu kimeanza karibuni, baba," alisema Zuhura. "Kwa sukari hii kidonda chako cha mguuni hakiponi. Huu mguu madaktari wataukata."

Mwanamvua akaapa wallahi. Anapika mwenyewe, anapakua mwenyewe. Majirani wamemcheka mpaka wamechoka, eti anamlisha mume majani kama mbuzi.

"Nyumbani sukari ipo, mama?"

"Ipo ya Batuli tu, kitinda mimba wangu. Yeye chai yake ya maziwa, vijiko vinne. Namfunikia kwa kawa pamoja na andazi, akitoka madrasa aikute. Nikirudi kisimani nakuta kikombe kitupu, hajabakisha hata tone."

Mzee Kibwana aliinamia bandeji yake. Zuhura akamwona, na hasira zikampanda. Alimtuma Mwanamvua dirisha la dawa, kisha akafunga mlango.

"Hiyo chai unainywa wewe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kila siku?"

"Na andazi."

"Mke wako anahangaika vile, na wewe mtu mzima unamwibia mtoto chai yake. Huoni haya?"

Machozi yalimtiririka mzee na hakuyafuta. Zuhura alishawaona wagonjwa wengi wakilia kwa kufumaniwa, hakumhurumia.

"Hata siipendi," alisema mzee hatimaye. "Maziwa yananichefua."

"Basi mwachie mwenyewe."

"Batuli tulimzika masika yaliyopita," alisema Kibwana. "Siku niliyoiacha chai ikapoa, mama yake alishinda njia ya madrasa anamwita."