Koti Lililobaki

"Haya yote pacha, shemeji! Unachagua koti au mchumba?" mpiga mbizi alimtania. Shemeji wake alichukua koti la hewa lililokuwa juu ya boksi, akalivaa, akazama bwawani na kamba kiunoni.

Mpiga mbizi aliunga la pili kwenye mtungi wa hewa, akabonyeza kitufe cha kujaza hewa, akakiachia. Kitufe hakikurudi. Koti likavimba mpaka mishono ikalia.

"Kumbe na hilo!" alisema mtunza stoo aliyesimama kando. "Lile la juu ya boksi nalo lilifanya hivyo jana."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni uchafu tu, kaka."

Shemeji alikuwa mita thelathini chini. Koti likijaa hewa humrusha mvaaji juu, na anayepandishwa kwa kasi kutoka huko hupasuka mapafu.

Mpiga mbizi aliidaka kamba ampe ishara asiguse kitufe. Kamba, iliyokuwa imekaza kama waya, ikalegea yote mkononi mwake.