Kikombe cha Maji

Kabla ya alfajiri Bi Msinune alisikia ta, ta, ta kutoka uani. Mwanawe Shekue alikuwa akilegeza shokapu za gari lake la mashindano, kama kila siku ya kumpeleka mama hospitali. Zikikazwa, gari hushika kona vizuri, lakini kila shimo humchoma mama mgongoni, pale saratani ilipofika.

Njiani mama alipakata kikombe cha maji, kipimo chao cha ulaini wa gari. Leo halikumwagika hata tone.

"Umepatia, baba. Na kwenye kona?"

"Linashika, mama. Shokapu sitazikaza wala kuzilegeza tena."

Miezi minane alikuwa akiutafuta ulaini huo usioharibu kona. Ameupata siku ambayo mama anakwenda kulazwa na hatarudi, maana daktari amesema dawa hazisaidii tena.

Shekue alimbeba hadi wodini, taratibu, kama alivyoendesha. Kikombe kikabaki kwenye kiti cha gari, kimejaa.

Kitandani mama hakuuachia mkono wake.

"Jumapili nenda ukashindane," alisema. "Halafu uje tena, baba. Gari si liko tayari? Uje tena."