Macho ya Wifi

"Si kijicho cha mtu, mama," daktari alisema. "Ni ugonjwa wa macho wa kurithi. Wewe na mumeo ni binamu, na kila mmoja amempa mtoto kasoro ileile. Ndiyo maana tuliwapima damu nyote wa familia. Wifi yako Mwanahamisi anao huo huo ugonjwa, tena tangu utotoni."

Zuhura alishika mkoba wake, akainuka. Alikuwa amechoka na hospitali, amechoka na waganga. Mkobani mwake mlikuwa na hirizi aliyokuwa akimvalisha mwanawe kumkinga na Mwanahamisi, maana huyo alikuwa akikutana nawe jioni anakukodolea macho, kisha anapita kimya. Walikuwa hawasemezani tangu mtoto aanze kujikwaa kila magharibi, giza likiingia.

Alipotoka, ukumbi ulikuwa na kiza. Mwanahamisi aliketi kwenye benchi, amemkodolea macho vilevile. Zuhura akasogea, akampungia mkono mbele ya uso. Mwanahamisi hakupepesa macho.

"Ni nesi?" Mwanahamisi aliuliza, akisikia nyayo. "Wifi yangu akitoka nishtue, mwanangu. Nisije nikampita tena bila salamu."

Zuhura alibaki kasimama, mkono uko hewani.